Diski za Fundi wa Mapaa

Kisanduku kilianza kulia asubuhi nikiwa napiga pasi mapazia ya mteja. Mlio mfupi, kimya, mlio mfupi, kimya, kama kifaranga aliyeachwa na mama yake. Nilidhani ni simu. Nikaitazama simu, imelala. Nikaenda jikoni nikarudi. Mwishowe nikainua macho kwenye rafu ya juu, pale mume wangu alipokiweka kile kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa mkate, nikaona moja ya taa zake mbili za kijani imegeuka njano.

Mume wangu alifariki mvua zilizopita. Tangu hapo sikuwa nimegusa vitu vyake, isipokuwa kuvifuta vumbi. Lakini kitu kinacholia hukinyamazishi kwa kitambaa.

Naandika haya nisije nikasahau yalivyokwenda. Kwanza nieleze kisanduku kilikuwa cha nini.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka. Maisha yake aliyapitisha juu ya nyumba za watu, na aliyezoea kukaa juu ya paa huona mambo ambayo sisi wa chini hatuyaoni. Tulipohamia nyumba hii, alikuwa anaziba paa letu wenyewe jioni moja, akauona mwezi mpevu ukichomoza kushoto kabisa kwa tangi la maji la jirani. Mimi nisingeona ajabu yoyote. Yeye aliona. Alikuwa na jicho la kupima, na alijua kwamba mwezi hauna kawaida ya kwenda kushoto kiasi kile. Msimu ule mwezi uliendelea kurudi pale, kisha mwaka uliofuata haukufika, na mwaka wa tatu ukaja karibu zaidi na tangi, kama mtu anayepunguza matembezi.

Aliuliza watu, akasoma, akaja kunieleza huku anakula. Kumbe mwezi husogea kushoto na kulia kila unapochomoza, na upana wa kusogea kwenyewe hupungua miaka mingi, halafu huongezeka miaka mingi. Mpaka ufike tena pale pa mbali kabisa, hupita miaka kumi na minane na miezi kadhaa.

"Basi nitausubiri," akasema.

"Wenzako wanasubiri basi stendi," nikamwambia, "wewe unasubiri mwezi."

"Basi linaweza lisije. Huo utakuja."

Kamera alikuwa ameshaifunga chini ya ukingo wa paa msimu uleule wa kwanza, ikielekea tangi la jirani. Mwanzoni ilipiga mwezi tu. Baadaye akayapenda na mawingu, akaiacha ipige kila dakika, mchana na usiku. Picha zote zilikwenda kwenye kisanduku. Ndani yake mna diski mbili, na kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye nyingine, ili moja ikifa mwenzake abaki na yote.

Sasa kompyuta ya mume wangu, iliyounganishwa na kisanduku, iliniambia mambo mawili. Diski moja inaumwa. Na nafasi imekaribia kwisha. Ikiisha, kamera itaanza kufuta picha za zamani kabisa ili mpya zipate pa kukaa. Picha ya zamani kabisa ilikuwa ile ya mwezi kushoto kwa tangi, na mwezi aliousubiri mume wangu ulikuwa urudi pale kabla mwaka haujaisha. Bila ile ya kwanza, ya mwisho isingekuwa na maana. Bila ya mwisho, ya kwanza ilikuwa mwezi tu juu ya tangi la mtu.

Nikampigia shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Mtaa mzima unamwita Msumari, kwa wembamba wake na kwa sababu akishaingia mahali kumtoa ni kazi. Naye ni fundi wa mapaa, walifanya kazi pamoja tangu ujana. Alikuja na vumbi la kazini kwenye nyusi, akasimama chini ya rafu, mikono kiunoni.

"Shemeji, hicho kitu kina njaa. Kipe uji."

"Kinataka diski."

"Kwani zile zilizomo zimefanya nini?"

Nikamweleza. Akakuna kidevu.

"Si ufute za katikati? Mawingu ni mawingu. Nani atakuja kukuulizia wingu la Jumanne?"

Niseme ukweli, wazo lilikuwa na akili. Tukakaa kwenye kompyuta, nikafungua picha moja ya miaka ya katikati ili nianze kufuta kuanzia hapo. Ilikuwa mvua, hakuna kingine. Tone kubwa limetanda juu ya lenzi, kila kitu kimepinda. Nikasogeza picha inayofuata, ya dakika moja baadaye. Tone halipo. Pembeni mwa picha, kama mbawa ya kipepeo, kulikuwa na ncha ya kitambaa cha maua ya zambarau. Ilikuwa pindo la pazia nililoshona mimi. Yaani mtu alipanda ngazi katikati ya mvua ile na kipande cha pazia mkononi, akafuta lenzi, akashuka, na mimi nilikuwa ndani ya nyumba nikishona bila habari.

Nikaifunga.

"Sifuti hata moja," nikamwambia Msumari.

Hakunibishia. Aligeuka akaanza kutafuta ngazi, kama afanyavyo akitaka kuficha uso, ingawa ngazi haikuhitajika.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye duka la vifaa vya kompyuta, ghorofani, juu ya duka la viatu. Muuzaji alikuwa mwanamke kijana aliyechomeka bisibisi kwenye nywele kama kitana. Nilikuwa nimenakili namba iliyo chini ya kisanduku. Akaisoma, akatugeuzia kioo cha kompyuta yake.

"Mama, kila kisanduku kina diski kinazoelewana nazo. Waliokitengeneza wamezijaribu wakazitaja. Hiki chako ni cha zamani kidogo, kwa hiyo diski ikiwa kubwa kupita kiasi hiki hapa, hakitaitambua. Ndogo kuliko ulizonazo hakitaipokea. Tena iwe ya kufanya kazi bila kuzimwa, na iwe imetengenezwa kuvumilia mtetemo wa jirani yake, maana zinakaa ubavu kwa ubavu na zote zinazunguka."

"Kama kulala na mtu anayekoroma," akasema Msumari.

"Hivyo hivyo, baba. Na mkitaka nafasi iongezeke, lazima mbadilishe zote mbili. Moja baada ya nyingine, siyo pamoja. Ukibadilisha moja tu, nafasi inabaki ileile. Ni kama watu wawili wamebeba boriti, mwendo ni wa yule mfupi."

Msumari akacheka, kwa sababu katika kubeba boriti mfupi alikuwa yeye. Huku anacheka, mkono wake ulikuwa umeshachukua boksi kutoka rafuni. Kampuni ileile, ukubwa uleule, hata jina lilitofautiana kwa herufi moja tu.

"Na hii?"

"Hiyo hapana." Alichukua karatasi akachora duara ndani ya duara. "Ndani ya diski mna njia kama hizi, ndimo picha zinamoandikwa. Kwenye zile nilizowaonyesha, kila njia imekaa peke yake kando ya mwenzake. Kwenye hiyo uliyoshika, njia zimepandana. Moja imeilalia nyingine kidogo, kama mabati, ili zienee nyingi zaidi."

Nilimwona Msumari akichangamka usoni.

"Zimepandana kama mabati?"

"Ndiyo."

"Na hizo unazotaka kutuuzia zimekaa kando kwa kando, bila kupandana?"

"Ndiyo, baba."

Alimtazama kwa huruma. "Binti yangu, bati lisilopandana na mwenzake hilo si paa. Hilo ni chujio."

"Baba, humu ndani hakunyeshi!"

Tulicheka sote watatu. Lakini nilijua Msumari hakuwa ameridhika. Diski zinazofaa zilikuwa zimekwisha dukani, zingekuja na mzigo mwingine baada ya siku chache. Muuzaji akatuomba kisanduku tusikiguse mpaka atupigie.

Siku hizo chache zilikuwa ndefu. Taa ya njano ikaanza kupepesa, na mlio ukawa wa haraka. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Msumari akaingia na boksi kwapani, lile la njia zilizopandana, amelitoa duka jingine. Aliliweka juu ya meza ya kushonea kwa adabu, kama mtu anayeweka mtoto.

"Shemeji, kaka ameezeka nusu ya mji huu. Yeye angechagua ipi, inayopandana au isiyopandana?"

Nikatafuta jibu, nikakuta jibu ni lake. Mume wangu kupandana kwa mabati ndiko kulikokuwa dini yake ya kazi. Nimeshamwona akivua paa zima la mtu kwa sababu mabati yamepandana pungufu ya kiganja. Basi tukakubaliana, tena kwa moyo mweupe.

Tuliitoa ile diski yenye taa ya njano, ya moto kama sufuria. Tukafungua skrubu za trei yake, tukafunga mpya, tukaisukuma ndani mpaka ikalia ta. Kisanduku kikatafakari. Kisha kompyuta ikaandika kwamba kinaijaza diski mpya kutoka kwa ile ya zamani iliyobaki. Msumari akapiga makofi. Asilimia zilipanda vizuri hadi jioni, zikaanza kusuasua, zikasimama, zikapanda moja, zikasimama tena. Huku kamera nayo iliendelea kuleta picha zake kila dakika. Kulipokucha taa ilikuwa nyekundu. Kisanduku kimeikataa diski mpya, kimeitenga, hakitaki hata kuisoma jina.

"Rudisha ile ya zamani," nikasema.

Tukairudisha. Iligonga mara kadhaa kwa ndani, kama ndege anayedonoa bati, ikanyamaza. Haikuzunguka tena.

Sasa ikabaki moja. Anga yote ya mume wangu, miaka yote ile, ilikuwa ndani ya kidude kimoja kilichozeeka pamoja na mwenzake aliyekufa mbele ya macho yetu. Msumari alikuwa amekaa sakafuni. Nikachukua mtandio wangu tukarudi kule ghorofani.

Muuzaji alisikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Alichomoa bisibisi nywelani, akaichomeka tena, akamgeukia Msumari.

"Baba, ukiwa juu ya paa lililokwisha kuezekwa, unataka kubadilisha bati moja la katikati. Unafanyaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana yake, sauti ya Msumari ikapata uhai. "Nalegeza lililolilalia kwa juu."

"Na hilo la juu?"

"Nalo limelaliwa na jingine, nalegeza na hilo. Na la juu yake, na la..."

Akasimama. Mdomo ulibaki wazi.

"Mpaka kofia ya paa, kule juu kabisa," akamalizia polepole.

"Ndiyo kazi iliyokuwa inafanya hiyo diski usiku kucha. Kisanduku kinaijaza, huku kamera inaleta picha mpya, mara iandike hapa, mara iandike kule, katikati ya paa. Kila ikiandika, inainua mabati na kuyarudisha. Kisanduku kikaisubiri, kikachoka kusubiri, kikadhani imekufa."

Msumari akavuta kiti akakaa. Akalichukua boksi, akaitoa ile diski akaigeuza mkononi. Nilimfahamu miaka mingi, sikuwahi kumwona akikitazama kitu namna ile.

"Mna paa humu," akasema.

"Mna paa."

"Hayo mabati yake yana upana gani?"

Muuzaji akafikiri. "Chukua unywele mmoja. Katika unene wa huo unywele, zitapangika njia kama elfu moja."

Msumari akapeleka mkono kichwani bila kufikiri, akakutana na upara. Muuzaji akauma mdomo asicheke. "Tuazime kwa mama," akasema. Nikauvuta mmoja chini ya mtandio, mweupe, nikampa Msumari. Akaushika kwenye mwanga wa dirisha kati ya vidole vyake vyenye makovu ya mabati. Elfu moja. Chini mtaani watu walikuwa wanauziana viatu. Sisi watatu tulitazama unywele.

"Nani aliyeyaezeka?" akauliza kwa sauti ndogo, na sidhani kama alitaka jibu.

Muuzaji ndiye aliyeturudisha. "Sikilizeni sasa. Diski hii haina ubaya, iliwekwa pasipo pake. Fundi akianza chini akapanda juu, bati baada ya bati, bila kurudi nyuma, anapata taabu gani?"

"Hakuna," akasema Msumari. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

"Basi itumieni hivyo. Nitawapa kasha lake lenye waya. Iunganisheni kwa nje, mzime kamera, mnakili picha zote mfululizo, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kabla hamjafanya kitu kingine chochote. Diski mbili za ndani mlizihesabu nakala mbili, lakini ukifuta picha kwenye moja, inafutika na kwenye nyingine. Ilikuwa nakala moja na kivuli chake. Nakala ya kweli hukaa nje."

"Na hiyo iliyobaki ikifa katikati?" nikauliza.

Hakunidanganya. "Inaweza, mama. Kuisoma yote mfululizo ni safari ndefu kwa diski ya umri huo. Msiizime, msiisogeze. Ikishaanza, iacheni iende."

Zile diski zinazofaa zilikuwa zimefika. Alitutolea mbili, moja ya mzigo mpya na moja ambayo aliitafuta kwa mwenzake, ya mzigo uliotangulia. Alisema waliozaliwa siku moja huweza kuugua siku moja. Tukazibeba nyumbani, tukaziweka pembeni zikiwa kwenye mifuko yake.

Nilizima kamera mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza anga ya nyumba yetu kupita bila kutazamwa, na nilihisi kama nimemfunga mtu macho. Kisha Msumari akaunganisha waya, mimi nikabonyeza.

Sikujua kama tutaona chochote. Lakini kompyuta ilionyesha kila picha inayofika, ndogo kama stempu, na kwa kuwa zilifika kwa kasi, stempu ile ikaanza kutembea.

Mawingu yakakimbia. Jua likazama na kurudi kabla sijameza funda la chai. Siku nzima, na nyingine, na nyingine. Mvua zilikuja kama mtu aliyechora mistari na kuifuta. Mwezi ulichomoka nyuma ya tangi, ukasogea kulia, ukarudi kushoto, ukasogea kulia, kama mkono wa mshonaji anayeshona bila kuchoka, na kila tulipomaliza mwaka mmoja hatua zake zilikuwa fupi zaidi, mpaka katikati zikaanza kurefuka tena. Lile aliloniambia mume wangu huku anakula, nililomjibu kwa mzaha, lilikuwa pale mbele yangu. Wala yeye hakuwahi kuliona hivi. Yeye aliliona siku moja moja, kama sisi sote.

Tangi la jirani lilikuwa la chuma, likang'aa, likapata kutu, siku moja halipo, kesho yake kuna la plastiki jeusi. Ukuta uliota kutoka ardhini. Mti ulinenepa mpaka ukaficha kona ya picha, kisha ukakatwa, na kona ikajaa mwanga.

"Simama! Simama hapo!" Msumari akapiga kelele.

"Haisimami, shemeji. Umeambiwa iachwe iende."

"Lile paa ng'ambo! Lile tuliezeka sisi!"

Nyuma ya tangi, kwa mbali, kulikuwa na nyumba isiyo na paa, na juu ya kenchi zake watu wawili, wadogo kama chungu. Chungu mmoja mrefu, mmoja mfupi. Bati likatokea, likalala. Bati jingine likalala juu ya ukingo wake. Chungu waliruka huku na huko, walitoweka usiku, walirudi na jua, na nyumba ikajifunika kutoka chini kwenda juu mbele yetu kama jicho linalofumba. Yote hayo kwa muda wa kuvaa viatu. Halafu paa likaisha, na chungu hawakuwapo tena, na mawingu yakaendelea.

Msumari alifuta uso kwa kiganja. "Aliniambia siku ile nisimame wima, nisijikunyate," akasema. "Nikadhani ananifundisha kazi. Kumbe alijua tunapigwa picha."

Nikacheka mpaka nikalia, au kinyume chake.

Usiku tulipokezana kulala. Sauti ya ile diski ya zamani niliijua sasa kama pumzi ya mgonjwa, mkwaruzo mdogo usiokatika. Asubuhi, tukiwa katika miaka ya karibuni, ukakatika. Stempu ikaganda kwenye jioni moja yenye mawingu mekundu. Ndani ya kisanduku kitu kikapanda sauti, kikashuka, kikapanda. Msumari alikuwa amesimama na kikombe, hakukitua. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Sikuomba kwa maneno. Nilitazama tu yale mawingu mekundu na kuwaza, ikiwa ni hapa, basi ni hapa, yamependeza.

Jioni ile ikapita. Ikaja inayofuata. Mkwaruzo ukarudi.

"Mzee huyo," akasema Msumari, akakitua kikombe. "Mzee huyo ana moyo."

Ikafika mwisho saa za mchana, kwenye picha ya siku niliyozima kamera. Hakuna hata moja iliyopotea. Diski ya mabati yaliyopandana ilikuwa imepokea yote kutoka chini hadi kwenye kofia, bila kuinua hata bati moja. Msumari aliichomoa mwenyewe, akaifunga kwenye kitambaa, akaipeleka kwake, maana nakala nzuri haikai nyumba moja na mwenzake.

Ndipo tukaweka diski ya kwanza kati ya zile zinazofaa. Kisanduku kiliipokea bila malalamiko, kikaijaza siku nzima, taa ikawa kijani. Tukaitoa ile ya zamani. Ilikuwa bado inazunguka tulipoizima. Tukaweka ya pili, kikaijaza nayo kutoka kwa ya kwanza. Nafasi ilikuwa bado ileile mpaka dakika ya mwisho, kama tulivyoambiwa. Halafu nikabonyeza pale muuzaji aliponielekeza, na ule mstari uliokuwa mwekundu ukingo kwa ukingo ukajivuta kushoto, ukajivuta, mpaka ukabaki kipande. Kilichobaki chote kilikuwa cheupe. Sikuwahi kujua kwamba utupu unaweza kupendeza hivyo. Nikawasha kamera.

Mwezi ulirudi jioni moja isiyo na wingu. Msumari alikuja na shati lililopigwa pasi, kama anakwenda kuposa. Hatukutoka nje. Tulikaa kwenye meza ya kushonea tukasubiri picha ifike, na ilipofika nikaiweka kando ya ile ya kwanza kabisa.

Tangi halikuwa lile. Ukuta haukuwapo kwanza, sasa upo. Paa la ng'ambo lilikuwa hewa tupu, sasa ni mabati yaliyoanza kuchakaa. Katika picha zote mbili mwezi ulikuwa mkubwa, wa rangi ya papai lililoiva, kushoto kabisa kwa tangi. Msumari akanyoosha kidole gumba kwenye kioo, akafumba jicho moja, akapima ya kwanza. Akahamisha gumba bila kulikunja, akapima ya pili. Alirudia. Mtu aliyepima mapaa maisha yake yote alirudia kupima mara ya tatu.

"Palepale," akasema.

Sikumfikiria mume wangu, na hilo lilinishangaza baadaye. Nilifikiria kitu kilichokwenda mbali kiasi kile na kujua njia ya kurudi bila kusukumwa na mtu.

"Msimu huu ukiisha utaanza kurudi kulia," nikamwambia. "Muuzaji amesema nafasi iliyopo inatosha mzunguko mwingine mzima na ziada."

"Sisi je, tunatosha?"

"Piga hesabu wewe."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika mahali, akaviacha vidole vikakunjuka vyenyewe juu ya meza. Dakika ikaisha. Kamera ikaleta picha nyingine, mwezi umeinuka kidogo, na ikapata pa kukaa.